Transfoma ya Kiazi

Sanduku la kwanza lilikuwa zuri sana. Fundi bati wa Nyololo alilikunja kwa bati jipya, akanyoosha pembe zake mpaka zikakaa sawasawa, akalipaka rangi ya kijani na kuliacha likauke siku mbili. Lilikuwa na kosa moja tu, na kosa hilo halikuwa lake. Alifuata vipimo nilivyompa mimi.

Vipimo hivyo nilivitoa nikiwa Mbeya, mbele ya kompyuta, katika chuo ninakofundisha umeme na elektroniki. Nina shahada ya mambo hayo na nyingine juu yake, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika makala ndogondogo ambazo ndani yake huwa ninawashauri wenzangu wawe makini. Nayataja haya mapema ili msomaji apime mwenyewe nilianguka kutoka wapi.

Sanduku lilikuwa la dada yangu. Amenizidi miaka minane. Aliishia darasa la saba, akashona nguo kwa zaidi ya miaka ishirini kando ya barabara kuu pale Nyololo, na macho yalipoanza kumsumbua akahamia kwenye vifaranga. Ana mashine ya kutotolesha, kabati la mbao lenye trei ndani, kubwa kama kabati la nguo la bwana harusi. Akina mama wa kikundi cha usharika wao humletea mayai, kila mmoja na alama yake ya penseli kwenye ganda, na baada ya siku ishirini na moja huja na maboksi kuchukua vifaranga wao. Kwa wengi wao ndiyo njia ya kuwa na kuku bila kumbembeleza mtetea aatamie wakati anaotaka yeye.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na bodi iliyokuwa ikiendesha mashine ikaungua. Bodi hiyo ndiyo akili ya mashine. Inapima joto, inawasha na kuzima hita, na kila baada ya saa kadhaa inainamisha trei ili mayai yasilale upande mmoja. Bila bodi, lile lilikuwa kabati tu, na ndani yake mayai ya wanawake kumi na wanne yakapoa.

Dada akanipigia simu.

"Kamwene, profesa." Ananiita profesa, cheo ambacho chuo bado hakijaona sababu ya kunipa.

"Kamwene, dada. Habari za huko?"

"Za huku ni mayai viza. Akina mama nimewaomba wasubiri, wamenijibu kwa upole. Ule upole siupendi. Ni wa mtu ambaye ameshaanza kuangalia kwingine. Mafinga kuna mfanyabiashara ameanza kuleta vifaranga wa siku moja. Wakishazoea kwenda Mafinga, kwangu hawarudi. Si wewe unayefundisha watoto wa watu hizi bodi?"

"Ndiyo mimi."

"Basi mfundishe na dada yako moja."

Nikamwambia nitamtengenezea mpya, bora kuliko iliyoungua. Akaniuliza lini. Nikasema kabla ya mvua. Nikasikia lori likipita nyuma yake likishuka kuelekea Makambako.

"Kabla ya mvua," akarudia. "Nitawaambia hivyo, na nitawaambia mara moja tu. Nikisimama mbele yao mara ya pili kuomba tena wasubiri, itabidi niiuze mashine kwa mtu wa kuhifadhi nguo."

Ugumu wenyewe ulikuwa hivi. Bodi unaichora kwenye kompyuta, unatuma mchoro kwa mtandao nje ya nchi, wanakuchapia kiwandani, na inafika Mbeya baada ya mwezi na zaidi, ikitegemea forodha wameamkaje. Kabla ya mvua nilikuwa na nafasi ya kutuma mara moja. Bodi ikija imekosewa, hakuna ya pili.

Nilichora kwa bidii. Wiki mbili za jioni nilipanga rilei ambazo huwasha na kuzima hita, kipima joto, na transfoma ndogo ya kushusha umeme wa nyumbani. Nilipounganisha laini ya mwisho ya shaba nikabonyeza kitufe ninachokipenda kuliko vyote katika programu ile, kile kinachokuonyesha bodi kwa pande tatu kana kwamba umeshaishika mkononi. Unaizungusha, unaigeuza chini juu, unaitazama ubavuni. Bodi yangu ilikuwa ya kijani, safi, bapa kama sahani. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa nyembamba. Niliona ni matunda ya uzoefu.

Nikampigia dada. "Mwambie fundi bati akunje sanduku la kuwekea bodi. Kimo sentimita mbili na nusu, na nafasi itabaki."

"Mbili na nusu tu? Ile ya zamani ilikuwa nene kama mkate."

"Teknolojia imekwenda mbele, dada."

Bado naikumbuka sauti niliyosemea maneno hayo. Kama ningeweza kuinunua na kuiharibu, ningefanya hivyo.

Siku tatu baadaye nilikuwa maabara nikijionyesha. Fundi wetu wa maabara ni mama mmoja Mnyakyusa, anayekaribia kustaafu, ambaye amelehemu bodi nyingi kuliko walimu wote wa idara tukijumlishwa pamoja. Ana kawaida ya kutazama kazi ya mtu akiwa amekunja mikono. Nikamgeuzia skrini.

"Nzuri," akasema. "Ni ya nini?"

"Ya mashine ya vifaranga ya dada."

"Umeme unaingilia wapi?"

"Hapa ubavuni."

"Ukishaingia?"

"Unakwenda kwenye transfoma."

"Transfoma iko wapi?"

Nikaelekeza kidole. Kwenye skrini, pale nilipoelekeza, palikuwa na matundu manne.

"Hayo ni matundu, mwalimu. Mimi nimeuliza transfoma."

Nikazungusha bodi nikitumaini labda imejificha upande wa chini. Haikuwepo.

"Na rilei?" akauliza. Matundu. "Na hizi konekta za kufungia nyaya?" Matundu. Akafungua mikono, akaikunja tena. "Mwalimu, umechora kiwanja. Nyumba bado."

Nieleze kidogo kilichotokea, maana ni kosa dogo na ndiyo sababu linauma. Katika programu zile kila kifaa kina sehemu mbili. Ya kwanza ni alama ya miguu yake, yaani matundu na shaba ya kulehemia. Ya pili ni modeli, umbo lenyewe la kifaa na unene wake na kimo chake. Modeli haikai ndani ya faili la bodi. Inakaa kwenye folda yake, na bodi inabeba anwani tu ya mahali folda ilipo. Mimi mwaka ule nilikuwa nimebadilisha kompyuta. Nilihamisha michoro yangu yote, nikaacha folda ya modeli kwenye mashine ya zamani. Kwa hiyo programu ilikwenda kwenye anwani, ikabisha hodi, haikukuta mtu, ikaondoka. Iliniandikia hata ujumbe mdogo chini ya skrini. Niliufunga bila kuusoma, kama ninavyowakataza wanafunzi wangu kufanya kila muhula.

Na kwa sababu vifaa vyote vilikuwa vimetoweka, mimi niliyesoma nikaona bodi nyembamba na kujisifu.

Nilimpigia dada nikiwa nimesimama nje ya jengo.

"Lile sanduku, dada."

"Limekauka. Limependeza mpaka jirani anaulizia la kuwekea Biblia."

"Ni fupi."

"Fupi kwa nani?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwita fundi bati, ambaye kumbe alikuwa hapohapo kibarazani akinywa chai, na kumsimulia kwa Kihehe, haraka haraka, huku simu ikiwa wazi. Akarudi.

"Fundi anauliza kama huko chuoni kwenu rula zimekwisha."

"Mwambie nasikitika."

"Hasikitikiwi huyo, anafurahi. Bati bado lipo. Mimi nitawekea sindano zangu humu. Ila nisikilize, mdogo wangu." Sauti yake ikashuka. "Jana mama mmoja amekuja kuchukua trei yake tupu ya kubebea mayai. Ameichukua tu. Safari hii hakikisha."

Kesho yake nikaiwasha kompyuta ya zamani, ambayo hukoroma kama jenereta, nikanakili folda yote. Nikaiambia programu anwani mpya, mara moja kwa vifaa vyote, nikabonyeza kitufe. Vitu vikaanza kusimama. Rilei zikainuka kama vibanda vya buluu, kapasita kama mapipa, konekta za kijani zikajipanga ukingoni. Nilifurahi kama mtu aliyewasha taa ya mji mzima, ingawa nilichofanya ni kurudisha nilichokisahau.

Pakabaki pengo moja, na ndilo lililokuwa muhimu. Transfoma. Ile sikuichukua kwenye orodha ya kiwanda chochote. Niliichagua Mbeya mjini, katika duka la mzee mmoja wa Kihindi ambaye babu yake alifungua duka hilohilo, na ambaye vifaa vyake hukaa kwenye makopo ya biskuti bila karatasi wala jina. Ni transfoma ngumu, inayovumilia umeme wetu. Ndiyo maana niliitaka. Lakini hakuna mtu duniani aliyewahi kuichorea modeli.

Nikafanya ambalo wengi hufanya. Nikatafuta modeli ya transfoma nyingine inayofanana nayo, nikaipachika pale. Kwa mbali ilipendeza. Fundi wa maabara akapita.

"Hii ni ile ya mzee wa mjini?"

"Inafanana nayo."

"Mimi na wewe pia tunafanana," akasema. "Wote tuna masikio mawili."

Nikachukua koti langu, nikaenda mjini.

Mzee alikuwa nyuma ya kaunta, miwani imeshuka puani, akimweleza mteja kwa nini redio yake haina haja ya antena mpya. Anazungumza Kiswahili cha Mbeya, na akitaka kukutania anahamia Kinyakyusa bila kutoa taarifa. Nilimwomba transfoma moja ya aina ileile, na kitu cha kupimia, kwa sababu kalipa ya chuo ilikuwa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo alikuwa semina.

"Kupima kufanya nini, mwalimu? Ukubwa wake huu hapa, unauona."

"Nataka kuichora kwenye kompyuta."

"Ichore. Picha si unapiga na simu?"

"Naichora kwa vipimo, mzee. Nikikosea milimita tano, mfuniko wa sanduku haufungi."

Hapo akanitazama. Nadhani neno milimita lilimgusa mahali. Akafungua droo ya chini, akatoa kifurushi cha flana, na ndani ya flana kalipa ya chuma iliyong'aa kwa mafuta. Ilikuwa ya baba yake. Hakunipa. Alipima mwenyewe, akasoma kwa sauti, mimi nikaandika kwenye kiganja kwa kuwa daftari nililisahau. Urefu, upana, kimo milimita thelathini na saba, umbali kutoka mguu hadi mguu. Kisha akapima transfoma ya pili kutoka kopo lilelile, na ya tatu.

"Mbona tatu, mzee?"

"Hizi zimetengenezwa na watu. Watu hawalingani. Wewe andika ile iliyo kubwa."

Sikuwahi kufundishwa hilo chuo kikuu, au labda nilifundishwa siku nisiyohudhuria. Nilirudi na kuchora modeli yangu ya kwanza kabisa kwa mkono wangu. Haikuwa sanaa ya kutisha, ni mche mstatili wenye miguu minne. Nikaupaka rangi ya manjano kama ile karatasi inayozungushiwa waya, na kwa sababu nilikuwa na furaha nikauwekea kijipengo pembeni, kama kile cha transfoma niliyoishika. Modeli ile sasa iko kwenye kompyuta zote za maabara yetu. Wanafunzi wanaitumia, na kila mwaka kuna mmoja anayeuliza kwa nini ina pengo. Nawaambia ndiyo ilivyo.

Fundi bati alikunja sanduku la pili. Halikuweza kuzidi sentimita tano kwa ndani, kwa sababu linaingia kati ya mbao mbili ubavuni mwa mashine. Nilipiga hesabu. Nguzo ndogo za kuinua bodi, milimita nane. Bodi yenyewe, karibu mbili. Transfoma, thelathini na saba. Jumla arobaini na saba, zinabaki tatu. Nikaliweka hata sanduku ndani ya kompyuta, nikafunga mfuniko kwenye skrini, nikatazama ubavuni. Nafasi ipo. Nikampigia dada kumwambia natuma mchoro kesho.

"Usitume," akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi kitambaa cha mtu sijawahi kukitia mkasi kabla sijakata gazeti nikamvisha. Nitajie vipimo."

"Dada, kompyuta imeshapima."

"Kompyuta hiyohiyo iliyosema mbili na nusu?"

Nikamtajia. Alitaka kila kifaa, urefu, upana na kimo, na umbali wake kutoka ukingoni, na alivirudia kimoja kimoja kama mtu anayepokea vipimo vya sare za shule. Nilidhani atakata maboksi. Nyololo iko Mufindi, na nyumba ya Mufindi haikosi gunia la viazi. Alichonga transfoma kwa kiazi, kwa kisu cha jikoni na ile rula ya mbao ya kushonea, akachonga rilei nne na konekta zote, akavibana kwa pini juu ya kipande cha boksi kilichokatwa sawa na bodi. Badala ya nguzo za plastiki akapanga vifungo vya koti, kimoja juu ya kingine, mpaka rula ikasema milimita nane. Akakitumbukiza kitu kizima ndani ya sanduku, akafunga.

Nilikuwa nasubiri kwenye simu, nikitabasamu kwa wema wa mtu aliyeamua kumvumilia mkubwa wake.

"Limefunga?" nikauliza.

"Limefunga kwa kusukumwa."

"Basi kiazi kimevimba."

"Viazi havivimbi, vinanyauka. Wewe umekulia wapi?"

"Labda umekata kubwa kidogo, dada."

Akakata simu. Nikajua nimekosea, lakini sikujua bado kiasi gani. Baada ya dakika kumi ikaingia picha. Kiazi cha transfoma kilikuwa kimewekwa juu ya meza, kimepigwa picha kutoka juu, na katikati ya uso wake mweupe palikuwa na alama iliyodidimia, ndogo, safi, yenye pembe sita. Chini aliandika: "Na hii nimeikata mimi?"

Niliitazama muda mrefu. Kisha nikaelewa. Ilikuwa nati. Kwenye mfuniko wa sanduku la pili dada alimwomba fundi aweke kishikio, na kishikio kilifungwa kwa bolti, na bolti kwa nati, na nati ilichomoza upande wa ndani milimita saba. Mimi nilikuwa na tatu. Katika sanduku langu la kwenye kompyuta hapakuwa na kishikio, kwa hiyo hapakuwa na nati. Bodi ile ingetumwa kama ilivyokuwa, mfuniko ungekandamiza chuma juu ya transfoma yenye umeme wa nyumbani, ndani ya sanduku la bati, mahali ambapo akina mama hushika wakiwa na mikono iliyolowa maji ya kunyunyizia mayai.

Nikapiga simu. Alipokea mlio wa kwanza.

"Ni nati ya kishikio," nikasema.

"Najua ni nati. Nimefungua mfuniko nikaiona. Nilitaka na wewe uione."

"Kishikio hakiwezi kusogezwa?"

"Fundi amekwenda Mgololo kwa kazi, harudi mwezi huu. Na angekuwepo nisingemruhusu. Nimekiweka pale kwa sababu mkono wangu wa kushoto unafika pale, wa kulia umeshika trei. Sogeza transfoma yako."

"Transfoma ikisogea, laini zote za upande ule zinahama."

"Zihamishe. Mteja akiwa na bega moja chini huwa humwambii apandishe bega."

Nilizihamisha. Ilinichukua siku tatu. Kwanza niliichora ile nati, na pembe zake sita zote, nikaiweka kwenye mfuniko ndani ya kompyuta mahali pake halisi, maana dada alinipimia umbali wake kutoka kila ukingo. Kisha nikasukuma transfoma kushoto milimita kumi na nane, nikapanga laini upya, nikakuta ya mwisho haipiti, nikabomoa nusu, nikapanga tena. Fundi wa maabara alikuja, akatazama nati iliyoning'inia hewani juu ya bodi.

"Hiyo ni nini?"

"Ni ya dada."

Nikamwonyesha picha ya kiazi. Aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akaiita "akili hiyo", na akaniambia nimtumie. Tangu nianze kufanya naye kazi, hajawahi kuomba nimtumie kitu changu chochote.

Dada alichonga viazi vipya, kwa sababu vya kwanza vilikuwa vimesinyaa na yeye hapimi kwa kiazi kilichosinyaa. Picha ya pili ilionyesha transfoma yenye uso laini, bila alama. Chini yake aliandika neno moja, "Tuma", nami nikatuma.

Bodi zilifika mawingu yakiwa yameshaanza kujikusanya juu ya mlima Loleza. Zilikuja tano, maana hawachapi pungufu ya hapo. Mimi nililehemu vifaa vidogo, fundi wa maabara akasema transfoma atailehemu yeye, na hakutoa sababu. Tuliijaribu siku nne mfululizo na balbu badala ya hita. Jumamosi nikapanda basi la asubuhi nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Nyololo kulikuwa na baridi ile ya ukungu inayoingia hadi mifukoni. Sikutegemea kukuta watu. Dada alikuwa amewaita akina mama wote wa kikundi, na walikaa kwenye mabenchi ndani ya chumba cha mashine, wamejifunga vitenge na masweta, wakinitazama kwa ule upole aliousema. Kama ingekataa, ingekataa mbele yao. Nilimnong'oneza, "Ungesubiri kwanza tuijaribu."

"Nilisema nitawaambia mara moja," akajibu, si kwa kunong'ona.

Nikafunga bodi kwa skrubu nne, nikaunganisha nyaya. Nilipotaka kushika mfuniko, akanipiga kofi dogo mkononi na kuushika yeye, mkono wa kushoto kwenye kishikio. Akaushusha. Ulikaa bila kusukumwa. Ukatoa sauti ndogo ya bati kukutana na bati. Akawasha umeme. Taa nyekundu ikawaka, kisha ya kijani, na ndani ya kabati trei zikainama polepole, kwa pamoja.

Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Hii bodi ametengeneza nani?"

Nilifungua mdomo. Dada akaniwahi. "Tumetengeneza. Huyu alichora, mimi nikakata viazi."

Wakacheka, wakidhani ni utani, na hatukuwaeleza. Wakaanza kutoa mayai vikapuni.

Siku ya ishirini na moja nilikuwa Mbeya, darasani, simu ikiwa mezani uso juu. Haikulia. Mchana nikapiga mimi, haikupokelewa. Nikapiga tena saa tisa. Nilimaliza kipindi bila kujua nimefundisha nini, na nina hakika wanafunzi nao hawakujua. Saa kumi ikalia.

"Umenipigia mara ngapi?" akauliza. Nyuma yake kulikuwa na kelele nyembamba, nyingi, za kugongana.

"Wametoka?"

"Kukaa kitini ndiyo nakaa sasa hivi. Tangu alfajiri tunatoa vifaranga. Wengine bado wanatoboa."

"Na akina mama?"

"Wapo, wamejaa uani na maboksi. Yule aliyechukua trei yake tupu, amerudi nayo. Imejaa mayai. Wameshapanga Jumatatu tuweke mengine." Akapumua. "Ngoja kwanza, kuna anayeniita."

Hakukata simu, aliiweka tu mahali, nami nikasimama uani mwa chuo nikisikiliza watu wakihesabiana vifaranga kwa Kihehe na Kibena, na sauti ya dada ikiwapanga foleni. Kisha nikatoka hadi getini. Mlinzi ndiye mtu wa kwanza niliyekutana naye, kwa hiyo nilimwambia yeye. Nilimwambia vifaranga wameanguliwa, wametoka vizuri, na mashine haikusimama hata siku moja.

"Hongera, mwalimu," akasema. "Ni kuku wa aina gani?"

Sikuwa nimewahi kuuliza.

"Wa dada yangu," nikamwambia.